Mzee kusahau na hizi dawa za "kuotesha seli za ubongo"

Septemba ni mwezi wa Alzheimer's, ugonjwa wa kusahau unaowapata zaidi wazee, na simu za kliniki karibu zote zinauliza kitu kimoja, eti kuna dawa mzee akinywa ubongo unaota seli mpya. Jamani, hapana.

Seli mpya za neva zinazaliwa kweli ukubwani, ila ni kwenye kasehemu kadogo tu, hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu. Wasweden walipima kaboni-14, aina ya kaboni yenye mionzi, iliyojaa hewani enzi za majaribio ya mabomu ya nyuklia, maana inaingia kwenye DNA na kukuonyesha seli ilizaliwa lini, na 2013 wakakadiria seli 700 kwa siku kila upande, zikipungua taratibu kadiri umri unavyosogea. Kwa panya ndio zinaporomoka haswa. 2018 timu moja ikasema kwa watu wazima hazionekani kabisa, nyingine mwaka huohuo ikaziona mpaka kwa mtu wa miaka 79.

Ubishi huo mwingi unaanzia kwenye sampuli. Ubongo wa marehemu ukilowekwa muda mrefu kwenye dawa ya kuhifadhia, alama ya seli changa inafifia, unachungulia kwenye hadubini huoni kitu unaandika "hamna" kumbe zilikuwepo. Wahispania 2019 walifupisha muda huo wakaziona hata kwa wazee wa miaka 80 na kitu, na kwa wenye Alzheimer's zilikuwa chache zaidi.

Turudi kwenye kichupa cha hiyo dawa. Hapa Tanzania dawa ya kisasa inasajiliwa TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, tiba asili Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Angalia namba ya usajili, namba ya bechi, mtengenezaji, tarehe ya kuisha, dai risiti na kopo usilitupe hata likiisha, bila kopo mkaguzi hana pa kuanzia. Kuuza dawa isiyosajiliwa ni kosa, kuna faini, kifungo au vyote viwili, na "ni mitishamba tu" sio utetezi, tumeshasema sana hili. Hata ikisajiliwa, hakuna iliyothibitika kuotesha seli hizo kwa binadamu.

Panya wakiachiwa gurudumu la kukimbia wanaongeza hizo seli mpya, hata waliozeeka. Kwa mzee wako sikuahidi hivyo, ila atembee, kunasaidia kushusha presha na sukari, na hizo zinaumiza ubongo.

Akianza kupotea njia ya nyumbani mleteni mapema, wakati mwingine ni tezi ya shingo (thairoidi) yenye hitilafu, upungufu wa vitamini B12 au dawa anazochanganya, na hayo yanatibika. Mje na dawa zake zote kwenye mfuko, na hicho kichupa pia.