Jangwa la Chalbi sio mchanga tu, na mvua hunyesha

Watu wengi wakisikia jangwa wanawaza vilima vya mchanga na jua, basi, eti hakuna mvua wala mnyama. Sio kweli jamani! Hata Sahara yenyewe sehemu ya mchanga ni kama robo tu, kwingine ni mawe, changarawe na milima.

Cheki Chalbi, kaunti ya Marsabit, kaskazini mwa Kenya. Pale zamani palikuwa ziwa likakauka, kwa hiyo unachokanyaga ni udongo mgumu umepasukapasuka na chumvi nyeupe juu yake, tambarare hadi macho yachoke, na mvua ikinyesha kubwa maji hayana pa kwenda sababu hakuna mto wa kuyatoa, yanatuama tu na ule udongo unageuka tope la kunasa lori. Wenyeji wa North Horr na Kalacha hawahitaji kuambiwa.

Kwangu mimi hatari kubwa zaidi ni laga, ile mito mikavu. Mvua inaweza kunyesha mbali huko mlimani, wewe juu yako hakuna hata wingu, na bado maji yakufikie kwa kasi. Tafadhali msipige hema ndani ya laga hata mchanga ukiwa laini namna gani.

Na wanyama wapo, mbuni wapo, choroa pia, yule swala mkubwa wa pembe ndefu, huyu akikosa maji anaacha mwili upate joto mchana badala ya kutoa jasho, halafu usiku anapoa.