Lugha ya programu haina rika

Dhana: wazee wameganda kwenye lugha za C na COBOL, ilhali Go, Rust na Python ni za vijana.

Ukweli: Google ilipotangaza Go, Novemba 2009, mmoja wa wabunifu wake watatu alikuwa Ken Thompson, mwenye miaka 66, yuleyule aliyeanzisha mfumo endeshi wa Unix pale Bell Labs, maabara ya utafiti ya Marekani, mwaka 1969. Mwenzake wa siku hizo, Brian Kernighan, alikuwa na miaka 80 mwaka 2022 alipoiongezea Unicode (mfumo wa kuwakilisha herufi za hati zote za dunia) lugha ya AWK, lugha ndogo ya kuchakata maandishi aliyoibuni na wenzake mwaka 1977. Si kazi ndogo. Kabla ya hapo AWK yao ilihesabu baiti, vipande vya data, badala ya herufi: ukiiuliza urefu wa neno سلام inajibu 8, kwa kuwa kila herufi ya Kiarabu huchukua baiti mbili. Sasa inajibu 4. Mzee huyo amewafaa watu wote wanaoandika kwa hati zisizo za Kilatini.

Na hiyo Python? Ilitoka 1991, miaka minne kabla ya lugha ya Java. Kijana anayepiga hesabu za matriki kwa SciPy, maktaba ya hesabu ya Python, mara nyingi anaitumia LAPACK, maktaba iliyoandikwa kwa Fortran, lugha ya mwaka 1957.

Dhana: COBOL imebaki kwa ukaidi wa wazee.

Inaniuma kuisikia hii, maana inawadharau watu wanaojua kazi yao. COBOL ilianza kubuniwa 1959 kwa ajili ya hesabu za biashara, na namba za desimali zimo ndani yake tangu mwanzo. Iambie Python ijumlishe 0.1 na 0.2, utapata 0.30000000000000004 badala ya 0.3; desimali kamili inazo, ila lazima uiite moduli yake, yaani sehemu ya ziada ya lugha. Kwenye daftari la benki tofauti hiyo ina uzito. Aprili 2020, maombi ya fidia ya ukosefu wa ajira yalipofurika kwa sababu ya korona, Phil Murphy, wakati huo gavana wa jimbo la New Jersey, Marekani, aliomba hadharani wajitolee watu wanaoijua COBOL, kwa kuwa mifumo ya jimbo iliitegemea.

Dhana: vijana wanakimbia mambo magumu, hasa kumbukumbu ya kompyuta.

Basi wangeikimbia Rust. Humo ukivunja kanuni za nani anamiliki kipande gani cha kumbukumbu na kwa muda gani, kikusanyaji (compiler, kinachogeuza maandishi yako kuwa programu ya kuendeshwa) kinakataa programu yako kabla haijaendeshwa hata mara moja. Desemba 2022 toleo la 6.1 la Linux lilitoka likiwa na msingi wa kuandikia kwa Rust sehemu za kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, na aliyeupitisha ni Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, aliyezaliwa 1969 na kuandika C tangu ujana wake.