Je, wajua kwa nini bibi wa Benchi la Urafiki hakwambii la kufanya?

Kwenye viwanja vya zahanati za Harare, Zimbabwe, kuna mabenchi ya mbao. Anayekusubiri hapo ni bibi wa mtaani aliyefunzwa kusikiliza. Mpango huu ulianzishwa mwaka 2006 na Dixon Chibanda, daktari wa magonjwa ya akili, akiwa na mabibi 14 wa mtaa wa Mbare. Mwanzoni uliitwa Benchi la Afya ya Akili, na watu wakalikwepa. Nani anataka jirani amwone amekaa pale? Mabibi wenyewe wakashauri jina libadilishwe liwe Benchi la Urafiki.

Kishona, lugha ya huko, kina neno kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Mswahili analielewa upesi, kwani hata kwetu mtu akisemwa “ana mawazo” huwa anahurumiwa. Bibi hutumia neno hilo badala ya sonona (ugonjwa wa huzuni nzito), na mgeni hufunguka.

Kwanza kuna maswali 14 ya ndiyo au hapana kuhusu wiki iliyopita: usingizi, machozi, kuwaza. Anayesema amefikiria kujiua hupelekwa kwa wahudumu wenye ujuzi zaidi.

Kisha huja kuvhura pfungwa, kufungua akili. Mgeni hutaja matatizo yake yote, halafu huchagua moja tu. Kazi nzito iko hapa. Mwenye sonona huona kodi ya nyumba, mtoto mgonjwa na mume aliyeondoka kama mzigo mmoja usiobebeka. Akili hukwama, na kule kukwama humthibitishia kwamba hawezi lolote. Kwa hiyo tatizo hukatwa mpaka lishikike. “Sina pesa” ni pana mno. “Pesa ya kodi haijatimia na mwenye nyumba anakuja Ijumaa” linafanyiwa kazi.

Mgeni hutaja njia zote zinazomjia, hupima kila moja, hupanga: afanye nini, siku gani, na nani, na kikwazo kipi kinaweza kumzuia. Bibi huuliza tu. Si kwamba hana jibu. Ameishi sana na pengine analo tayari mdomoni. Lakini jibu lake likifaulu, sifa ni yake. Likishindwa, mgeni anarudi na aibu ya pili. Njia aliyoichagua mgeni mwenyewe ikisogea hata kidogo, ule uhakika wa “siwezi” hupata ufa. Kwa maoni yetu, ufa huo ndio tiba yenyewe.

Mpango wa mgeni huharibika kwa sababu zinazojirudia. Siku haikutajwa, basi haifiki. Au limechaguliwa jambo lililo mikononi mwa mwingine, kama “mume wangu abadilike”. Wakati mwingine bibi amehubiri, na mgeni akaitikia kwa heshima tu.

Vikao hufika 6. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulihusisha watu 573 katika zahanati 24 za Harare. Baada ya miezi 6, waliokuwa na dalili za sonona walikuwa takriban 14 katika kila 100 miongoni mwa waliokaa benchini, na 50 katika kila 100 miongoni mwa waliopata huduma ya kawaida iliyoboreshwa.

Benchi hilo limeshafika Malawi na Zanzibar. Kule Harare, waliopitia benchini hukaribishwa kwenye vikundi vya Kubatana Tose, ambako hukaa duara wakizungumza huku mikono ikifuma mikoba ya plastiki iliyokwisha tumika.