Je, wajua tunda alilokula Adamu lilikuwa lipi?

Mtoto wa shule ya Jumapili hapa Moshi atakujibu papo hapo: epo. Ndilo alilolipaka rangi nyekundu darasani. Jirani yake anayesoma madrasa huenda akasema ngano, maana ndivyo wakubwa wasemavyo. Lakini Mwanzo sura ya 3 inataja matunda ya mti ulio katikati ya bustani, jina haina. Qurani, Al-Baqara aya ya 35, nayo inasema "mti huu", basi.

Majina yaliletwa na wafasiri, tena kila mmoja na hoja yake. Katika Talmudi, kitabu cha mafundisho ya Wayahudi, marabi (walimu wa dini) watatu wanabishana. Meir anasema mzabibu, kwa kuwa hakuna kinachomliza binadamu kama divai. Nehemia anashikilia mtini: Adamu na Hawa walijisitiri kwa majani yake, basi kilichowaponza ndicho kilichowafaa. Yehuda anataja ngano, kwani mtoto hajui kuita baba wala mama mpaka aonje nafaka. (Mama aliyemwanzishia mwanawe uji hatambishia sana.)

Karne kadhaa baadaye, Baghdad, mwanachuoni wa Kiislamu at-Tabari (839–923) anazitaja ngano, mzabibu na mtini katika tafsiri yake ya Qurani, kila kauli na majina ya walioipokea. Kisha anafanya jambo linalonifurahisha kuliko yote: anagoma kuchagua. Mungu, anasema, hakuweka dalili ya mti huo katika Qurani wala katika Sunna sahihi. Aujuaye hapati faida, asiyeujua hapati hasara.

Wakristo nao? Theodoreto wa Kiro, askofu wa karne ya 5, aliona ni mtini, kwa sababu ya majani yaleyale. Hata Michelangelo alichora mtini kwenye dari ya kanisa la Sistina, Vatikani. Epo lilienezwa zaidi na wachoraji wengine wa Ulaya.

Bereshiti Raba, kitabu cha kale cha marabi, kina jibu jingine: Mungu aliuficha mti huo makusudi, usije ukanyooshewa kidole kwamba ndio ulioleta kifo duniani.

Lakini watu hawakuacha kunyoosha. Mwaka 1753 Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Sweden, aliiandika ndizi kitaalamu Musa paradisiaca, kufuatia masimulizi ya zamani kwamba ndilo tunda lenyewe la peponi. Ikiwa hivyo, mtori (supu ya ndizi) na mbege (pombe ya ndizi) vyote vina kesi ya kujibu.