Vinasaba na kichaa cha ng'ombe: maswali na majibu

Ugonjwa huu husababishwa na nini?

Husababishwa na prioni, yaani protini ya kawaida ya ubongo iliyojikunja vibaya, ambayo huzilazimisha protini za aina yake zilizo sawa zijikunje vibaya vivyo hivyo. Ulitambuliwa Uingereza mwaka 1986, ukasambazwa na unga wa nyama na mifupa ya ng'ombe uliotumiwa kuwalisha ng'ombe wenzao, na zaidi ya ng'ombe 180,000 waliugua nchini humo.

Kama walikula chakula kimoja, mbona wengine hawakuugua?

Kiasi alichokula kila mmoja kina uzito wake, lakini vinasaba navyo vimo. Jeni inayotengeneza protini hiyo, iitwayo PRNP, iko kwenye kromosomu ya 13, na katika sehemu inayoiongoza kuna mahali pawili ambapo baadhi ya ng'ombe wana herufi za ziada za DNA, 23 pa kwanza na 12 pa pili, ilhali wengine hawana. Uchunguzi wa ng'ombe wa Ujerumani ulionyesha kwamba wasio na herufi hizo walionekana zaidi miongoni mwa wagonjwa. Inaelezwa kuwa herufi hizo hubadilisha namna jeni inavyowashwa. Pasipo nazo protini hutengenezwa kwa wingi, na prioni hupata malighafi tele. Hata hivyo, tofauti hii hupunguza uwezekano tu: wapo wenye herufi zote waliougua.

Je, ng'ombe anaweza kuurithi?

Ni nadra mno, lakini kisa kipo. Mwaka 2006, huko Alabama nchini Marekani, ng'ombe mwekundu wa takriban miaka 10 alishindwa kusimama, na vipimo vikathibitisha ugonjwa wa aina isiyo ya kawaida. Jeni yake ilikuwa na kasoro katika nafasi ya 211, inayolingana na ile ya nafasi ya 200 ambayo kwa binadamu huleta ugonjwa wa Creutzfeldt-Jakob, ugonjwa wa prioni wa ubongo, wa kurithiwa katika familia. Binti yake, aliyekuwa mtamba, naye alikutwa na kasoro hiyohiyo.

Kwa nini basi wafugaji wasichague madume yenye vinasaba vinavyokinga dhidi ya ugonjwa huu?

Kwa kondoo hilo limefanyika, kwa sababu kuna aina ya jeni inayowakinga vizuri dhidi ya skrepi, ugonjwa wao wa prioni. Kwa ng'ombe hakuna kinga ya asili yenye nguvu kiasi hicho, na ndiyo maana ulinzi umebaki kwenye marufuku ya kuwalisha unga wa nyama na mifupa, na machinjioni, ambako ubongo na ugwe mgongo wa ng'ombe wakubwa huondolewa kabla nyama haijatoka.