Majani ya kuchemsha na dripu ya saratani: maswali ninayoulizwa wodini

Mimi ni muuguzi wa wodi ya saratani. Haya ndiyo wagonjwa na ndugu zao wanayoniuliza karibu kila wiki.

Ni kweli baadhi ya dawa za saratani zinatoka kwenye mimea?

Kweli kabisa. Vinkristini inatoka kwenye yale maua ya rangi ya waridi au nyeupe yenye asili ya Madagaska, tunayoyapanda mbele ya nyumba. Paklitakseli ilipatikana kwanza kwenye magome ya mti wa magharibi mwa Marekani. Watoto wenye saratani ya Burkitt, ambayo mara nyingi huvimbisha taya, na ambayo daktari Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 akiwa Uganda, wanatibiwa kwa dawa kadhaa, vinkristini ikiwemo.

Zinaiuaje seli?

Seli ikitaka kugawanyika, hunakili vinasaba vyake, kisha hujenga nyuzi za kuvivuta, nusu huku nusu kule. Nyuzi hizo ni vipande vya protini iitwayo tubulini, vimepangwa kama matofali. Vinkristini hunasa vipande, nyuzi zisijengeke. Paklitakseli huzikaza zile zilizokwisha kujengwa, zisifumuke. Kwa vyovyote seli hukwama katikati ya kugawanyika, na mwishowe hujiua yenyewe. Mizizi ya nywele na uboho navyo vina seli zinazogawanyika haraka, ndiyo maana nywele hunyonyoka na kinga hushuka.

Basi si nichemshe hayo maua ninywe?

Hapana. Zinahitajika mamia ya kilo au zaidi za majani makavu kupata gramu moja ya vinkristini, na majani hayo yana kemikali nyingine chungu nzima. Sisi tunapima kwa miligramu kulingana na ukubwa wa mwili, tunatia kwenye mshipa, na bado tunachunga kwa sababu ikizidi inaharibu neva. Kikombe chako utakipimaje? Hapana, mama. Hata kidogo.

Na majani ya mstafeli?

Kemikali zake huua seli za saratani kwenye vyombo vya maabara, kwa kuzima sehemu ya seli inayotengeneza nishati. Seli za ubongo nazo zina sehemu hiyo hiyo. Kisiwani Guadeloupe, huko Karibi, matumizi makubwa ya stafeli na majani yake yamehusishwa na ugonjwa unaofanana na Parkinson, ule wa kutetemeka na kukakamaa mwili. Kula tunda mara moja moja hakuna neno.

Nijaribu majani mwezi mmoja tu, yakishindwa nije?

Hapana, hapana, hapana. Hili ndilo linaloniumiza. Mama anagusa kivimbe titini kama punje ya hindi. Anakuja baada ya miezi minane, titi limechimbika, linatoa usaha, na chupa ya majani iko mkobani. Kile cha mwanzo kingekatwa kikaisha. Njoo kwanza. Kipande cha nyama ya uvimbe kipelekwe maabara kwanza. Mwezi mmoja haujawahi kuwa mmoja. Nimeuona ukiwa mwaka.

Mtoto taya limevimba na meno yamelegea?

Hospitali, leo hii. Burkitt inaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Usimchanje chale, wala usiishie kumng'oa jino.

Nimeshaanza dripu, na bado nakunywa mitishamba. Niseme?

Sema, hatutakugombeza. Ini ndilo linalovunjavunja vinkristini, na baadhi ya mitishamba hulizuia, dawa ikazidi mwilini. Kabla ya dripu ijayo, leta chupa yenyewe tuione.