Ukuta wa nyuma ukitoa jasho, rangi haina kosa

Juzi mama mmoja wa Mwanga, hapa Kigoma mjini, alinipigia simu: "Fundi, rangi tuliyouziwa ni feki, njoo uone mwenyewe." Nikapanda. Ukuta wa chumba cha nyuma ulikuwa umejaa malengelenge, mengine makubwa kama kitumbua. Nikaligusa moja kwa ukucha, likapasuka, maji yakachuruzika mpaka kwenye sakafu. Nyuma ya ile ngozi ya rangi kulikuwa na unga mweupe wa chumvi. Rangi ilikuwa nzima kabisa. Ukuta ndio ulikuwa umeshiba maji.

Wanaoijua Kigoma wananielewa. Mji umekaa vilimani, na ili upate pa kujenga lazima ukate mlima. Nyumba ikishasimama, udongo wa nyuma unarudishwa unaegemea tofali, wakati mwingine mpaka usawa wa dirisha. Mvua zikianza Oktoba au Novemba hadi kuelekea Mei, ule udongo unalowa na kuupa ukuta maji kidogo kidogo. Ndani wewe unapaka rangi, nje mlima unakuandalia malengelenge.

Kwa hiyo kabla sijataja bei, ninabandika nailoni. Kipande cha nusu mita kwa nusu mita, kingo zote nafunga kwa solatepu, nakiacha mpaka kesho yake. Umande ukitokea upande wa nailoni unaogusa ukuta, unyevu unatoka ndani ya ukuta. Ukitokea upande wa chumbani, tatizo ni hewa ya chumba: watu wengi, madirisha yamefungwa, nguo zinaanikwa ndani. Magonjwa mawili, tiba tofauti. La kwanza linataka jembe kabla ya brashi: uondoe udongo ulioegemea ukuta, uchimbe mtaro wa kupeleka maji pembeni, kisha usubiri kiangazi ukuta ukauke.

Na mimi nilishaumia hapa. Mwaka wangu wa pili wa ufundi nilipaka chumba cha mteja katikati ya mvua, lipu ikiwa na wiki mbili tu, tena kwa rangi ya mafuta kwa sababu alitaka "inayooshika". Miezi mitatu haikuisha. Lipu mpya ina ukali wa simenti, na rangi ya mafuta ikikutana na ukali huo penye unyevu inageuka utelezi. Ukitaka kuelewa, waangalie kina mama wanaopika sabuni: mawese na kostiki vikikutana, mafuta yanakuwa sabuni. Ukutani ni mambo yaleyale. Nilirudia kazi kwa hela yangu. Siku hizi lipu naipa siku 28 kwa uchache, kipindi cha mvua zaidi, na mkono wa kwanza ni praima, yaani rangi ya msingi, inayohimili simenti.

Nyumba za zamani, hasa kule Ujiji, zina mtihani mwingine: chokaa. Pitisha kiganja ukutani. Kikitoka cheupe, usithubutu kupaka juu yake, maana rangi itashika chokaa na chokaa haijashika kitu. Kwangua kwa skrepa, futa vumbi kwa kitambaa kibichi, acha pakauke, ndipo upige praima. Kazi ya kukwangua inachosha na haina sifa, ndiyo maana mafundi wengi wanairuka.

Jikoni ni mawese na masizi. Doa la mawese ukilipaka rangi ya maji juu yake, rangi inakimbia na kuacha matundu, na masizi yanapenya yanarudi na rangi ya chai. Osha kwa sabuni ya unga na maji ya moto, suuza, kausha, kisha ziba madoa kwa andakoti ya mafuta, yaani rangi ya kutangulia chini. Hapo ndipo rangi ya maji itakaa.

Kiasi cha rangi usikisie. Chumba cha mita 3 kwa 3.5, kimo mita 2.8, ukitoa mlango na dirisha kinabaki na kama mita za mraba 33. Ukipaka mikono miwili, yaani mara mbili, ni 66. Lita moja kwenye ukuta laini inafunika takriban mita za mraba 10, basi galoni mbili za lita 4 zinakutosha. Fundi akikuambia moja inatosha, muulize atatia maji kiasi gani.

Rangi isiyong'aa inaficha mabonde ya lipu, ila ukiisugua inabaki na alama. Sebuleni na koridoni, watoto wanakopitisha mikono, mimi nachagua silki, rangi yenye mng'ao kidogo. Kuiosha, ngoja kama mwezi tangu ipakwe, kisha sponji laini na sabuni kidogo, ukianzia chini kwenda juu ili maji machafu yasichore michirizi kwenye ukuta mkavu. Steliwaya iache kwenye masufuria. Ukungu mweusi nyuma ya kabati unataka jiki, sehemu moja kwa maji sehemu tatu, dirisha wazi, glavu mkononi. Na usichanganye kabisa na dawa ya choo, moshi wake ni sumu. Halafu kabati lisogeze kiganja kimoja kutoka ukutani.

Rangi iliyobaki mimi namimina kwenye chupa ya maji, naijaza mpaka shingoni isibaki hewa, na kuandika namba ya rangi, chumba na tarehe. Ukutani pakichubuka baadaye unaziba kwa brashi ndogo, hutafuti tena rangi inayofanana.

Yule mama wa Mwanga ameshaleta vijana wa kuchimba mtaro. Tumekwangua ukuta wote, umebaki lipu tupu, na kila Jumamosi anabandika nailoni yake na kunitumia picha. Ya wiki hii bado ilikuwa na matone.